MITANDAO YA KIJAMII NA WAZAZI WENYE WATOTO WADOGO

"Mwanangu ametimia miezi 11 na hajatambaa. Yule mwengine ana miezi 8 tu na tayari anasimama. Je, wangu ana kasoro gani?"

Suala la namna hiyo si geni katika kliniki za watoto za Unguja na Pemba. Zamani "yule mwengine" alikuwa mtoto wa jirani au wa wifi, ambaye jina lake, baba yake na nyumba yao vinajulikana. Siku hizi aghalabu ni mtoto aliyeonekana katika simu ya mkononi, wa mama asiyejulikana, katika mji usiojulikana, na filamu yenyewe haifiki nusu dakika.

Mengi yamekwisha kuelezwa kuhusu simu na watoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni, na kwamba wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Maelezo ya leo hayamhusu mtoto anayetazama simu. Yanawahusu mama na baba wanaoitazama wao wenyewe, usiku, mtoto akiwa kifuani, kisha wakaiweka chini hali wakijiona kuwa si wazazi wa kutosha. Jambo hili linaweza kuonekana dogo. Si dogo, kwa sababu mzazi aliyepoteza imani na mikono yake huacha kunyonyesha pasipo haja, hutumia fedha asizokuwa nazo, huona haya kwenda kliniki, na baadhi yao huugua.

Kujiamini kunakotoka

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura, wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alieleza kwamba imani ya mtu kuwa ataliweza jambo hujengwa, na akataja chemchem nne za imani hiyo. Ya kwanza ni kulifanya jambo lenyewe na kufanikiwa. Ya pili ni kumwona mtu wa mfano wako akilifanya. Ya tatu ni kuambiwa na unayemwamini kwamba utaliweza. Ya nne ni hali ya mwili, kwani mwenye usingizi na moyo unaopiga kwa kasi hujihisi hawezi hata lile analoliweza.

Hiyo ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nayo haina njia ya mkato. Mama wa mtoto wa kwanza anapomkosha mwanawe siku za mwanzo, mikono humtetemeka, maji huyapima mara tatu kwa kiwiko, na mtoto akilia yeye naye hulia. Baada ya wiki chache humkosha huku akizungumza na watu. Katika wiki hizo hakusoma kitabu wala hakuhudhuria mafunzo. Mikono yake imemjua mtoto wake. Hali kadhalika baba: aliyemnyamazisha mtoto mara kumi kwa kumlaza begani na kutembea naye ukumbini anajua kuwa mara ya kumi na moja pia ataweza. Mitandao haina uwezo wa kumpa mtu jambo hilo. Ina uwezo wa kumnyima, kwani aliyezoea kufungua simu kila mtoto anapolia hapati nafasi ya kugundua kwamba jibu alikuwa nalo.

Chemchem ya pili ndiyo inayochafuliwa zaidi. Kumwona mwenzako akifanikiwa kunakupa moyo pale tu unapomwona pia akishindwa. Dada mkubwa aliyezaa kabla yako ulimwona amekaa na nywele hazijachanwa, mtoto anakataa ziwa, uji umeungua jikoni. Kisha ukamwona, mwezi baadaye, mambo yamemnyookea. Ukasema: basi na mimi nitafika. Katika simu unaoneshwa kufika tu. Chumba kimefagiliwa, mtoto ana nguo nyeupe isiyo na doa la maziwa, na mama amejipamba. Haioneshwi kwamba filamu hiyo ilirudiwa mara saba, wala kwamba nyuma ya kamera mna bibi, yaya na kapu la nguo chafu.

Mwaka 1954 mwanachuoni mwengine wa Marekani, Leon Festinger, aliandika kwamba binadamu anapokosa kipimo cha hakika cha kujipimia, hujipima kwa watu wengine. Ulezi ni kazi isiyokuwa na rula. Karani anajua idadi ya majalada aliyoyamaliza na mvuvi anajua kilo alizoleta diko. Mzazi hana cha kuhesabu jioni inapoingia. Kwa hiyo yeye, kuliko watu wengi, huangalia pembeni kuona wenziwe wamefika wapi, na pembeni siku hizi pana simu.

Ni vyema pia ikaeleweka namna simu hiyo inavyofanya kazi, maana wapo wanaodhani kwamba yanayowajia yamekuja kwa bahati. Hayaji kwa bahati. Programu za Facebook, Instagram na TikTok huhesabu ni picha ipi iliyolisimamisha jicho lako na kwa muda gani, kisha hukuletea nyingine za jinsi hiyo. Mwenye wasiwasi husimama zaidi penye jambo la kumtia wasiwasi. Mama aliyetafuta saa nane za usiku habari za mtoto asiyetambaa ataletewa kesho yake filamu kumi za maradhi ya viungo, na keshokutwa ishirini, hata aamini kwamba dunia nzima inazungumzia ugonjwa wa mwanawe. Programu haikukusudia kumtisha. Imekusudia asiondoke, na hofu ni miongoni mwa vitu vinavyomfanya mtu asiondoke. Bando lake linakwisha, na usingizi wake pia, na hapo chemchem ya nne nayo imekauka.

Kipimo kilichopimwa

Turejee kwa yule mtoto wa miezi 11. Kipimo cha hakika kipo, na ni vizuri wazazi wakijue. Baina ya mwaka 1997 na 2003 WHO iliendesha uchunguzi mkubwa wa ukuaji wa watoto wenye afya katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Uchunguzi huo ndio uliozaa mistari ya ukuaji inayotumika hivi leo katika kadi za kliniki za nchi nyingi, ikiwemo yetu. Katika nchi tano kati ya hizo, Oman ikiwa mojawapo, watoto 816 walifuatiliwa ili ijulikane wanapoanza kukaa, kutambaa, kusimama na kutembea. Matokeo yalitolewa mwaka 2006.

Ilionekana kwamba watoto wazima kabisa hukaa bila ya kuegemezwa katika umri wowote baina ya miezi 3.8 na 9.2. Hutambaa kwa mikono na magoti baina ya miezi 5.2 na 13.5. Husimama peke yao baina ya miezi 6.9 na 16.9, na hutembea peke yao baina ya miezi 8.2 na 17.6. Msomaji atazame upana wa nafasi hizo. Watoto wawili waliozaliwa siku moja, nyumba moja, wanaweza kupishana zaidi ya miezi 9 katika kutembea na wote wawili wakawa salama. Aidha, takriban watoto 4 katika kila 100 hawakuonekana kutambaa kwa magoti hata mara moja. Wengine walisota, wengine walisimama moja kwa moja. Mtoto wa miezi 11 asiyetambaa, ikiwa anakaa vizuri, anashika vitu, anacheka na kugeuka anapoitwa, yumo ndani ya nafasi yake. Mtoto aliyevuka mwisho wa nafasi hizo apelekwe kituo cha afya akaangaliwe, na apelekwe mapema zaidi ikiwa amepoteza jambo alilokuwa akiliweza.

Hizi ndizo habari ambazo mtandao ungeliweza kuzieneza kwa siku moja tu, lakini hazienei, kwa sababu mtoto aliyemo ndani ya kawaida hapendezi kutazamwa.

Maziwa ya mama ni mfano mwengine, na hapa pana hasara ya afya. Katika kurasa za mitandao huoneshwa chupa zilizojaa maziwa yaliyokamuliwa, zimepangwa katika friji kama bidhaa za duka. Mama aliyejaribu kukamua akapata vijiko viwili huona kwamba yake hayatoshi, huanza kuongeza maziwa ya kopo, mtoto hupunguza kunyonya, na maziwa hupungua kwa kweli, kwa kuwa ziwa hutengeneza kwa kadiri linavyonyonywa. Kinachokamuliwa si kipimo cha anachonyonya mtoto. Vipimo ni viwili: mizani ya kliniki, na nepi. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake, akishapita siku tano tangu kuzaliwa, na akawa analowesha nepi mara sita au zaidi kwa siku na uzito unapanda, anashiba. Itakumbukwa pia kwamba mwaka 2022 WHO ilitoa ripoti iliyoonesha namna makampuni ya maziwa ya watoto yanavyotumia mitandao, makundi ya akina mama na watu mashuhuri waliolipwa ili kuwafikia wazazi bila ya tangazo kuonekana kuwa ni tangazo. Kwa hiyo dada mwenye sauti ya upole anayekuambia kwamba naye alikuwa na shida kama yako, huenda yuko kazini.

Arobaini ya zamani na arobaini ya sasa

Mila zetu zilikuwa na dawa ya jambo hili, ingawa hazikuiita dawa. Mwanamke wa mimba ya kwanza alirejea kuzalia kwao. Alikandwa kwa maji ya moto, alifungwa mkaja, alinyweshwa uji wa pilipili manga, na kwa siku 40 hakuachwa peke yake. Waliokaa naye walikuwa wamezaa. Walimwonesha namna ya kumweka mtoto katika ziwa, wakamwambia hivi sivyo, wakamwambia hivyo ndivyo, na siku aliyolia bila ya sababu hawakushtuka, kwa kuwa nao walilia.

Si kila kilichofanywa katika chumba kile kilikuwa cha kuigwa. Watoto wachanga walipewa maji, na hivi leo inafahamika kwamba miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake. Wala ulimi wa mavyaa haukuwa siku zote mwepesi kuliko maneno ya mitandaoni. Wapo waliotoka katika arobaini wakiwa na majeraha ambayo mkaja haukuyafunga. Hata hivyo palikuwa na tofauti moja kubwa: mtoto aliyekuwa akizungumzwa alikuwapo hapo, analia, ananyonya, anaonekana na kila aliyesema neno. Ushauri ulitolewa kwa mtoto yule.

Leo kijana aliyepanga vyumba viwili Fuoni amezaliwa Micheweni, na mkewe ametokea Makunduchi. Bibi mmoja anangoja boti, na mwengine bado ana skuli ya kufundisha. Mgeni huja wiki ya kwanza, hupiga picha na kuondoka. Baada ya hapo mume hurejea kazini, na mama hubaki na mtoto na simu. Asilaumiwe kwa kuishika simu hiyo, kwani ndiyo sauti ya mtu mzima pekee iliyomo chumbani mpaka jioni.

Wala haitakuwa haki kuitaja mitandao kwa ubaya mtupu. Mume aliyeko Muscat humwona mwanawe kwa simu siku ile ile aliyozaliwa. Bibi wa Wete huoneshwa upele wa mjukuu na kusema bila ya kusita kwamba huo ni wa joto. Wazazi wa mtoto mwenye kichwa maji, au mwenye ulemavu wa ngozi, au asiyesikia, ambao katika kijiji chao huenda ni wao peke yao, wamepata wenzao na wakajua kwamba mtoto wa namna hiyo husoma na hukua. Faida zote hizo zina sifa moja: upande wa pili wa simu yupo mtu anayekujua, au anayeijua hali yako, nanyi mnajibizana. Madhara yanaegemea zaidi upande wa kutazama kimya na kujilinganisha. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2017 na Sarah Coyne na wenzake ulionesha kwamba akina mama waliokuwa wakijilinganisha sana na wengine katika mitandao walijiona wenye uwezo mdogo zaidi katika ulezi, wameelemewa zaidi, na walikuwa na dalili zaidi za sonona. Uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kipi kilitangulia. Yamkini mwenye huzuni ndiye anayejilinganisha zaidi. Kwa mama mwenyewe, lakini, mzunguko ni ule ule, uanzie upande wowote.

Mnamo Agosti 2024 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani wakati huo, Vivek Murthy, alitoa waraka maalumu kuhusu mzigo wa wazazi. Waraka ulieleza kwamba wazazi 48 katika kila 100 walisema siku nyingi msongo huwaelemea kabisa, dhidi ya 26 katika kila 100 ya watu wazima wengine, na mitandao ya kijamii na desturi ya kujilinganisha vilitajwa miongoni mwa sababu. Ile ni nchi nyengine yenye maisha mengine, ila simu ni hizi hizi na kurasa ni zile zile.

Kwetu pana jambo la ziada, nalo ni shughuli. Kumtoa mtoto nje, akika na arobaini ni mambo yenye asili na heshima yake. Lakini arobaini ya sasa imeanza kupimwa kwa namna itakavyoonekana katika picha: maputo, keki ya ghorofa, sare za mashoga, mpiga picha. Mzazi aliyekopa katika kikundi cha kuweka na kukopa ili picha zake zisiwe duni kuliko za mwenzake atalipa deni hilo miezi ile ile ambayo mtoto anaanza kula na anahitaji yai, samaki na matunda.

Neno moja kwa wakuu wa sehemu maofisini. Mtumishi aliye katika likizo ya uzazi yumo likizoni hata kama bado yumo katika kundi la WhatsApp la kazi. Ujumbe wa saa nne za usiku unaouliza jalada liko wapi unamfikia mtu ambaye huenda amelala kwa mara ya kwanza siku hiyo. Jalada litafutwe.

Pale huzuni inapokuwa maradhi

Katika siku za mwanzo baada ya kujifungua wanawake wengi hulia kwa jambo dogo, hukasirika na kuona wasiwasi. Hali hii ya kawaida huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikizidi wiki mbili, na mama akawa haoni furaha katika jambo lolote, hali chakula au anakula kwa kulazimishwa, halali hata mtoto anapolala, anajiona hana thamani, au anahisi kwamba mtoto angekuwa salama zaidi bila ya yeye, hiyo ni sonona baada ya kujifungua, na sonona ni maradhi kama ilivyo malaria. Kwa mujibu wa WHO, duniani kote wanawake 13 hivi katika kila 100 waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea idadi hiyo hukaribia 20. Mitandao peke yake haimletei mtu maradhi haya. Kinachofanyika ni kwamba inayaficha: mama huona wengine wote wana furaha, hudhani yeye peke yake ndiye aliyepungukiwa, kisha naye hutia picha ya kucheka katika simu yake, na ndugu wanaoiona hushukuru kwamba hajambo.

Akina baba nao wamo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba takriban baba 10 katika kila 100 hupatwa na sonona baina ya ujauzito wa mke na mwaka wa kwanza wa mtoto. Kwa mwanamume mara nyingi hujitokeza kwa hasira, kuchelewa kurudi nyumbani, au kukaa na simu barazani mpaka watu walale.

Ipo hali nyengine, ya nadra lakini ya hatari, inayowapata mama 1 au 2 katika kila 1,000, aghalabu ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mama husikia sauti, huamini mambo yasiyokuwapo, hakai mahali pamoja, halali siku mbili tatu. Huyo asingojwe mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja, na mtoto asiachwe naye peke yake. Kwa Unguja ipo hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu. Kwa Pemba afikishwe hospitali yoyote iliyo karibu. Wapo watakaosema kwamba amevaliwa. Kusomewa dua hakukatazwi na mtu, na hakuna daktari atakayemfukuza anayesoma. Kinachokatazwa ni kumfungia ndani siku saba kwa ajili ya dua hali dawa ipo.

Kuhusu sonona ya kawaida zipo habari za kutia moyo. Mwaka 2008 jarida la tiba The Lancet lilichapisha matokeo ya kazi ya Atif Rahman na wenzake katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistan, ambako mke huishi na wakwe zake. Wajawazito walioonekana kuwa na sonona walitembelewa nyumbani na wanawake wa vijiji hivyo hivyo waliofunzwa kazi ya afya, wasiokuwa madaktari wala wanasaikolojia. Kundi moja lilipata matembezi ya kawaida. Kundi la pili lilipata matembezi ya idadi ile ile, lakini mgeni alifunzwa kumsaidia mama aitazame fikra inayomwambia kwamba hawezi, aipime kwa yale aliyoyafanya siku hiyo, na aanze na jambo dogo moja kwa mtoto wake. Mtoto alipofika miezi 6, katika kundi la kwanza akina mama 53 kati ya 100 walikuwa bado wana sonona. Katika kundi la pili walikuwa 23.

Hapakuwa na dawa ya ajabu. Palikuwa na mtu aliyekaa juu ya mkeka mmoja na mama, mtoto akiwa baina yao. Visiwa vyetu vinao wahudumu wa afya wa jamii wanaopita majumbani katika shehia chini ya mpango wa Jamii ni Afya, nao hubeba simu zenye maswali na maelekezo ya kazi yao. Anapobisha hodi, mama asione haya kumwambia kwamba mtoto hajambo, asiye mzima ni yeye. Sheha na majirani wanaweza kuelekeza anakopatikana.

Kuhusu simu yenyewe, hapana haja ya kuitupa. Kurasa zinazomwacha mzazi na kifua kizito ziondolewe. Kitendo hicho huchukua sekunde mbili na mwenye ukurasa hajulishwi. Simu ilale mbali na kitanda, na kwa anayeitumia kama taa wakati wa kunyonyesha usiku, tochi ndogo inatosha. Wasiwasi juu ya mtoto ukiingia usiku, na mtoto akawa hana homa, anapumua vizuri na ananyonya, suala liandikwe katika karatasi na lingoje asubuhi. Lakini mtoto mchanga mwenye homa, anayepumua kwa shida, aliyeacha kunyonya au aliyepatwa na degedege apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Hapana ukurasa wa simu utakaomwangalia.

Waislamu wanaijua aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Wengi huishia hapo. Aya inaendelea kueleza kwamba wazazi wawili wakitaka kumwachisha mtoto kabla ya hapo, kwa kuridhiana na kushauriana, hawana dhambi. Wanaotajwa kushauriana ni mama na baba wa mtoto huyo. Si vibaya mume akaanza yeye mashauriano hayo, na njia nyepesi ni kumuuliza mkewe mchana wake ulikwendaje, simu zote mbili zikiwa zimewekwa pembeni.

Siku ya kliniki kadi ya mtoto ichukuliwe, na ile karatasi ya masuala ya usiku itiwe ndani yake. Muuguzi aulizwe mstari wa ukuaji umepandaje tangu mwezi uliopita, kwani anayelinganishwa hapo ni mtoto huyo na yeye mwenyewe. Aliyekosa mwezi mmoja au miwili asibaki nyumbani kwa kuogopa kusemwa. Afike siku yoyote ya kliniki katika kituo kilicho karibu naye, na mume akipata ruhusa afuatane naye.